Zumari Iliyoingia Ukumbini

Mwanakwaya wa bonde letu, awe wa Kisawasawa, Mang'ula au Ifakara, akifika mazoezini anajua pa kukaa. Soprano wana upande wao, alto wana wao, na nyuma wanakaa tena na besi. Karatasi wanayoshika imeandikwa nota za d, r, m, f kwa mistari minne, mmoja chini ya mwingine, na mwalimu hupitisha kila sauti peke yake kabla ya kuziunganisha. Hakuna sauti iliyo mtumishi wa nyingine. Besi akikosea, wimbo mzima umekosewa. Alto akinyamaza, pengo linasikika. Mpango huu wa sauti nne ulikomaa Ulaya katika karne ya 15 na ya 16, zama ziitwazo Renesansi, ukaletwa huku bondeni na wamisionari pamoja na misa na nyimbo zao. Naanzia hapo kwa sababu mtu aliyewahi kuimba kwaya ameshaelewa nusu ya habari ya ala za zama hizo. Mafundi wa Renesansi walitengeneza ala kwa kufuata kwaya.

Chukua rekoda, filimbi ya mti inayopulizwa kwenye ncha. Mtu mwenye uwezo hakununua moja. Alinunua seti nzima iliyotoka kwa fundi mmoja, ndogo ya kuimba soprano, kubwa kidogo za alto na tena, na ndefu ya besi, zote zimelinganishwa tangu karakanani. Mfalme Henry VIII wa Uingereza alipofariki mwaka 1547, orodha ya mali zake ilikuwa na rekoda 76. Vitabu vingi vya nyimbo vilivyochapwa karne hiyo vilieleza kwenye jalada kwamba nyimbo zilizomo zinafaa kuimbwa au kupigwa kwa ala za kila aina. Mwandishi wa wimbo aliandika sauti nne, na wewe nyumbani kwako ukaamua kama zitatoka kooni, kwenye filimbi au kwenye nyuzi.

Mwaka 1619 Michael Praetorius, mwanamuziki wa Ujerumani, alichapa juzuu ya pili ya kitabu chake Syntagma Musicum, na mwaka uliofuata akaongeza michoro ya ala iliyochorwa kwa vipimo, pamoja na rula ya kupimia. Ukitazama zumari zake unaiona familia yote, kuanzia ile ndogo ya kushikwa kwa urahisi hadi besi kubwa inayokaribia mita 3. Rekoda nazo zimepangwa hivyo, na viola za upinde hivyo hivyo. Michoro hiyo ina thamani kubwa sana, kwa sababu ilitoka wakati utaratibu wenyewe umeanza kuvunjika.

Ala ya kuimba ndani ya kwaya haihitaji mambo mengi. Inahitaji mlio unaolingana na wa wenzake bila kuwafunika, na nota za kutosha mstari mmoja wa wimbo, yaani oktavu moja na nusu hivi. Ndiyo maana rekoda ya Renesansi ilikerezwa kwa kipande kimoja cha mti, mrija wake wa ndani ukiwa mpana na nota zake za chini zimejaa. Ala iitwayo krumhoni ilikwenda mbali zaidi. Utete wake ulifunikwa kwa kofia ya mti, mpulizaji akapuliza ndani ya kofia bila midomo yake kuugusa. Ulitoka mlio wa nguvu ile ile mwanzo hadi mwisho, na nota tisa hivi tu. Kwa sikio la leo huo ni upungufu. Lakini zikipigwa krumhoni nne pamoja hakuna inayoweza kujitokeza mbele ya wenzake, na hicho ndicho alichotaka mwandishi wa sauti nne.

Watu wa zama hizo waligawa pia ala katika mafungu mawili: za sauti kubwa na za sauti ndogo. Luti, viola na filimbi zilikuwa za ndani ya nyumba. Tarumbeta na zumari zilikuwa za uwanjani, za harusi, za mfalme kuingia mjini, za mlinzi juu ya mnara. Mgawanyo huo pwani yetu iliujua vizuri. Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilitia nanga Malindi, na Mreno aliyeandika kumbukumbu za safari akaeleza mfalme wa Malindi alivyotoka na wapiga tarumbeta wengi na siwa mbili za pembe za ndovu, zimenakshiwa, zenye urefu wa mtu, zinazopulizwa kupitia tundu la ubavuni. Anasema mlio wake ulipatana vizuri na ule wa tarumbeta. Mgeni huyo alitoka Lisbon, ambako mfalme naye hakutoka nje bila wapulizaji. Nadhani hakuna siku nyingine ambapo muziki wa enzi wa Ulaya na wa Waswahili ulisimama karibu kiasi kile.

Zumari yenyewe ni ushahidi wa udugu huo. Ile ya pwani ya Kenya na Tanzania, inayosikika katika sengenya ya Wadigo na katika chakacha, na ile ya Ulaya iliyochorwa na Praetorius ni za ukoo mmoja uliotoka Mashariki ya Kati. Tawi moja lilikwenda kaskazini na magharibi, jingine likashuka kusini na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Muundo ni ule ule: mrija unaopanuka kuelekea chini, matundu ya vidole, utete wa pande mbili juu, na mara nyingi kisahani cha kuegemezea midomo. Mpulizaji huuingiza utete wote ndani ya kinywa. Mashavu yanajaa hewa, na anapovuta pumzi kwa pua mashavu yanaendelea kusukuma, kwa hiyo mlio haukatiki. Ngoma ikipamba moto anaweza kwenda muda mrefu bila kuachia hata nukta. Ni mlio mkali unaopenya juu ya ngoma zote na kufika nyumba ya mwisho ya mtaa. Ulaya ya Renesansi iliupenda kwa sababu hizo hizo.

Kisha ukaja mwaka 1600 na miaka iliyouzunguka, na Italia ikabadilisha kile kilichotakiwa kwa mwimbaji.

Wasomi na wanamuziki wa Florence walilalamika kwamba katika sauti nne zinazoingiliana maneno hayasikiki. Kila sauti inatamka silabi yake kwa wakati wake, na msikilizaji anapata utamu wa mlio lakini hapati habari. Wakataka mtu mmoja asimame, aimbe karibu na jinsi mtu anavyosema, akilia panapostahili kilio na kukasirika panapostahili hasira. Jacopo Peri alitunga Euridice, mchezo wa kuimbwa wote, ukaonyeshwa Florence mwaka 1600. Mwaka 1607 Claudio Monteverdi alionyesha Orfeo mjini Mantua. Mwaka 1637 Venice ilifungua jumba la San Cassiano, la kwanza ambalo mtu wa kawaida aliweza kulipa kiingilio akasikiliza opera.

Kwa ala, badiliko hilo lilikuwa zito kuliko wengi wanavyodhani. Sauti nne zilizokuwa sawa zilivunjwa. Juu akabaki mwimbaji mmoja, chini ikabaki besi. Alto na tena hazikuandikwa tena kama mistari kamili. Ziligeuka kuwa tarakimu ndogo juu au chini ya nota za besi, na mpiga hapsikodi au kinanda cha kanisani akazisoma na kujaza katikati mwenyewe papo hapo. Kijana wa leo anayepiga kinanda cha umeme kanisani Ifakara, akisikia besi na kujaza mkono wa kulia bila karatasi, anafanya kazi iliyozaliwa wakati huo. Zama hizo mpya, hadi mwaka 1750 hivi, ndizo tunazoziita Baroko.

Kuanzia hapo ala ililazimika kuchagua upande. Ama ikae juu ishindane na koo la mwimbaji kwa kusema, kulia na kunong'ona, ama ishuke chini iwe msingi. Zile zilizojengwa kwa ajili ya kukaa katikati, zikipatana na wote, zilikosa kazi. Krumhoni ilitoweka katika karne ya 17, na ni rahisi kuona sababu: midomo isiyogusa utete haiwezi kuulainisha wala kuukaza. Iliyonihuzunisha zaidi ni zinki, pembe ya mti iliyopinda na kufunikwa ngozi, yenye matundu ya vidole lakini inapulizwa kwa midomo namna ya tarumbeta. Walioisikia waliisifu kuwa ndiyo iliyokaribia sauti ya mtu kuliko zote. Hata hivyo nayo ilififia, kwa kuwa ilikuwa ngumu mno midomoni na fidla ilikuwa imeanza kuifanya kazi ile ile kwa urahisi zaidi.

Zumari ya Ulaya haikufa. Iligeuzwa, na mageuzi yake nayaona kuwa makubwa kuliko ya ala nyingine yoyote ya wakati huo. Yalifanyika Ufaransa, katikati na mwishoni mwa karne ya 17, kwenye jumba la mfalme Louis XIV, ambako Jean-Baptiste Lully alikuwa akitunga muziki wa dansi na opera. Ukoo unaotajwa zaidi ni wa Hotteterre, mafundi wa kukereza miti wa kijiji cha La Couture-Boussey huko Normandy ambao pia walikuwa wapulizaji wa mfalme. Mtu mmoja kushika keekee asubuhi na ala jioni ni jambo la maana sana. Anasikia kosa la mkono wake mwenyewe.

Mafundi hao waliikata zumari vipande vitatu vinavyochomekana. Kipande kifupi hutobolewa na kukwanguliwa ndani kwa usahihi ambao haupatikani kwenye mti mrefu, kwa hiyo mrija uliweza kuwa mwembamba na kupanuka kwa kipimo kilichokusudiwa. Matundu ya vidole yalifanywa madogo. Viliongezwa vibonyezo vya shaba, viwili au vitatu, kwa nota ambazo vidole havikuzifikia. Kisahani cha midomo kikaondolewa. Hilo la mwisho ndilo lililobadili kila kitu, kwani sasa mpulizaji aliushika utete kwa midomo yake. Akiubana, mlio unapanda na kukaza. Akiulegeza, unashuka na kuwa laini. Nota zikafika oktavu mbili na zaidi, na nusu-toni zikapatikana bila mlio kuharibika. Wafaransa waliendelea kuiita kwa jina la zamani, hautbois, na sisi tunaweza kuiita obo.

Obo iliingia ukumbini na kukaa karibu na fidla bila kuzifunika. Ilijifunza kutamka sentensi: kuanza kimya, kupanda, kupumua, kumaliza. Mpiga zumari wa sengenya hahitaji kupumua kwa namna ya kusikika, na hilo ni jambo la fahari, kwa maana wachezaji hawataki mlio ukatike. Mpiga obo anapumua kama mwimbaji, na pumzi yake ni sehemu ya maana ya wimbo. Kilichopotea ni ule ukali wa uwanjani. Sikubaliani na vitabu vinavyoieleza obo kuwa zumari iliyokamilika, kama kwamba ya kwanza ilikuwa rasimu. Mpe mpiga obo wa Baroko kazi ya kuongoza harusi ya mtaa mzima juu ya ngoma nne, halafu uone.

Filimbi zilipita njia hiyo hiyo, kwa hiyo nitazitaja kwa kifupi. Rekoda ilikatwa vipande vitatu na mrija wake ukafanywa wa kupungua kuelekea chini. Filimbi ya kupulizwa ubavuni, iliyokuwa mrija ulionyooka wenye matundu sita, ilipata vipande vitatu, mrija wa kupungua na kibonyezo kimoja. Jacques-Martin Hotteterre aliiandikia kitabu cha mafunzo mwaka 1707. Mjini Nuremberg, mwanzoni mwa karne ya 18, Johann Christoph Denner anahesabiwa kuwa ndiye aliyetoa klarineti ya kwanza kutokana na ala ndogo ya utete mmoja.

Habari ya udi ni kinyume cha ya zumari, na kwa msikilizaji wa taarabu ina uchungu wake. Udi ulifika Ulaya kutoka kwa Waarabu na ukazaa luti. Mwishoni mwa karne ya 15 wapiga luti waliacha risha wakaanza kutumia vidole, kwa sababu vidole vinaweza kupiga sauti kadhaa kwa wakati mmoja. Mtu mmoja akawa na kwaya mikononi mwake. Walikuwa pia na nyuzi za utumbo zilizofungwa kuzunguka shingo kuonyesha mahali pa kubonyeza. Mwaka 1500 luti ilikuwa na jozi sita za nyuzi. Kufikia mwaka 1600 jozi zilifika hata kumi. Besi ilipotakiwa zaidi, luti ikaongezwa shingo ya pili ili nyuzi ndefu za chini zipate nafasi, ikawa tiorba, ala inayoweza kumzidi mpigaji wake kimo. Luti ya Ujerumani ya karne ya 18 ilifikisha jozi 13, nyuzi zaidi ya 20 za utumbo zinazolegea unyevu ukibadilika. Johann Mattheson aliandika mwaka 1713 kwamba mpiga luti wa miaka 80 ametumia miaka 60 akikaza nyuzi. Silvius Leopold Weiss, gwiji wake mkubwa, alifariki mwaka 1750, na kabla karne haijaisha luti ilikuwa karibu imesahauliwa.

Mzazi wake, udi, yupo hai. Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kupiga kanuni, ala nyingine ya nyuzi ya taarabu. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha taarabu cha Ikhwan Safaa, na hadi leo udi unapigwa Mji Mkongwe na kufundishwa katika chuo cha muziki cha DCMA. Una risha, shingo yake ni tupu bila alama za kubonyezea, na nyuzi si nyingi. Umedumu kwa sababu hakuna aliyeutwika kazi ya kwaya nzima na kisha kazi ya besi. Unafuata wimbo mmoja na kuupamba, na shingo tupu inaruhusu kila nota ya makamu, yaani mpangilio wa nota wa muziki wa Kiarabu, kukaa mahali pake kamili.

Shingo tupu ndiyo iliyoibeba fidla pia. Katika karne ya 16 Andrea Amati wa Cremona alikuwa akitengeneza fidla nzuri, lakini watu wa heshima waliihesabu ala ya dansi. Walipendelea viola da gamba, inayoshikwa kati ya magoti, yenye nyuzi sita na alama za kubonyezea, iliyo hodari katika sauti nne. Wimbo wa mtu mmoja ulipotawala, fidla ikapanda cheo, kwa kuwa kidole kwenye shingo tupu kinaweza kuteleza na kutetemeka namna koo linavyofanya. Mjini Cremona kazi ya Amati ilifikishwa mbali na Antonio Stradivari, aliyefariki mwaka 1737.

Chini kwenye besi lilitokea jambo dogo la kiufundi lenye matokeo makubwa. Uzi wa utumbo ukitakiwa kutoa nota ya chini lazima uwe mrefu sana au mnene sana, na ukiwa mnene mlio wake hufifia. Katikati ya karne ya 17 mafundi walianza kuuzungushia uzi waya mwembamba. Jijini London, John Playford alizitangaza nyuzi hizo mwaka 1664. Uzi ukawa mzito bila kuwa mnene. Fidla kubwa za besi zikaweza kupunguzwa mwili, vidole vikafika kila mahali, na chelo ikazaliwa ikiwa na uwezo wa kuimba peke yake.

Fidla inayosikika katika taarabu si ile ya Stradivari kama ilivyotoka mikononi mwake. Takriban mwaka 1800 na baada yake shingo zilirefushwa na kuinamishwa nyuma, na kipande cha mti kinachoshikilia kifua cha ala kwa ndani kikafanywa kikubwa, ili sauti ijaze majumba makubwa. Karibu fidla zote za Cremona zilifunguliwa na kubadilishwa hivyo. Anayetaka kusikia Baroko lazima atafute nakala, au ala chache ambazo hakuna aliyezigusa.

Nakala za ala za zama hizo ndizo zinazonirudisha bondeni. Mafundi wa Baroko walikereza obo na filimbi zao hasa kwa mti wa boksi, mgumu na wa manjano, wakati mwingine kwa pembe za ndovu. Mpingo hawakuutegemea. Mti huu unaoota katika miombo ya Morogoro, Lindi, Mtwara na Ruvuma, ambao huku watu wanaujua kwa mchi wa kinu na mpini wa jembe, ulishika nafasi yake Ulaya katika karne ya 19, vibonyezo vilipokuwa vingi na mti ukahitaji kushikilia skrubu nyingi bila kupasuka. Kiini chake huzama majini. Hukua polepole mno, miaka 70 hadi 100 kabla ya kufaa kuvunwa, kwa hiyo mpingo unaokatwa leo uliota kabla ya uhuru. Wilayani Kilwa, vijiji vilivyosaidiwa na shirika la MCDI vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu yao. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya mpingo inasimamiwa na mkataba wa CITES, ingawa ala zilizokamilika ziliondolewa kwenye masharti hayo mwaka 2019.

Mti wa boksi hupinda kwa unyevu wa pumzi, na mrija uliopinda si mrija ule ule tena. Kwa hiyo mafundi wa leo wanaonakili ala za enzi za Louis XIV, wakipima zile za makumbusho kwa sehemu ya milimita, hutengeneza nyingine kwa mpingo. Wapo wapulizaji wanaoapa kwamba mlio wake ni mkali kuliko wa boksi. Mwanafizikia John Coltman alilijaribu jambo hilo mwaka 1971 kwa filimbi zenye mrija sawa na miili tofauti, na wasikilizaji hawakuweza kuzitofautisha. Ikiwa Coltman yuko sahihi, alichoongeza mpingo kwenye filimbi ya Hotteterre ni kuushikilia mrija wake usiondoke kwenye kipimo alichokikwangua, mwaka hadi mwaka, hata pumzi ya mtu ikiulowesha kila siku.